Saa Ishirini na Nne za Mwalimu Siwema

Ipo nchi moja iitwayo Jamhuri Tulivu. Msiniulize iko upande gani. Ramani yangu niliiazimisha kwa askari mmoja aliyetaka kunionyesha mahali nisipopaswa kwenda, na hadi leo hajairudisha. Ninachojua ni kwamba nchi hiyo ina Katiba nzuri kuliko zote duniani. Wageni wa kutoka ng'ambo wakiisoma hutoa vitambaa mifukoni wakajifuta machozi. Ina uhuru wa kwenda popote, na kwa kuwa haikutaja njia, barabara ya kwenda Bungeni imefungwa na ya kwenda gerezani imetiwa lami. Ina uhuru wa kukusanyika, ila haikutaja idadi, na serikali baada ya kulitafakari sana pengo hilo ikaona mtu mmoja anatosha.

Lakini lulu ya Katiba hiyo ni Ibara ya 31: hakuna mtu atakayeshikiliwa zaidi ya saa ishirini na nne bila kufikishwa mbele ya jaji. Miaka imepita na ibara hiyo haijavunjwa hata mara moja. Si kwamba watu hawashikiliwi. Wanashikiliwa barabara! Ni kwamba saa ishirini na nne bado hazijaisha.

Sifa hizo ni za Mwanasheria Mkuu, Mheshimiwa Profesa Makwinya, mtu aliyesoma mpaka macho yakaingia ndani. Ndiye aliyesimama Bungeni akaeleza alichokigundua.

"Waheshimiwa," alisema, "Katiba yetu tukufu imetaja saa ishirini na nne. Vyema. Lakini mimi nauliza kitaalamu: saa za nani? Za mkulima? Za jogoo? Je, taifa lenye hadhi liuache uhuru wa raia wake uning'inie kwenye saa ya mkononi iliyonunuliwa mnadani, ambayo mwenyewe huitikisa ndipo itembee? Hasha! Uhuru mtakatifu unastahili saa takatifu!"

Wabunge walipiga meza hadi moja ikavunjika mguu. Siku hiyohiyo wakapitisha Sheria ya Saa Rasmi. Sheria ilisema kwamba popote serikali ya Jamhuri Tulivu inapotaja saa ishirini na nne, hizo zitapimwa kwa saa rasmi tu. Kila mahabusu atatundikiwa yake ukutani, juu ya kaunta, yenye jina lake na lakiri ya serikali. Nayo itatembea pale tu mwenyewe anaposhikiliwa kikamilifu. Akilala, isimame, maana aliyelala yuko ndotoni, na serikali haijamfunga mtu ndotoni. Akila, isimame, maana kula ni starehe. Akisali, isimame, kwa kuwa yuko chini ya mamlaka nyingine. Na akiwaza nyumbani isimame papo hapo, kwa sababu akili yake imetoka kituoni bila ruhusa. Nani anawaza nyumbani na nani hawazi, hilo mkuu wa kituo atalijua kwa kumtazama usoni.

Ilibaki kazi ndogo tu: kupata mtu wa kuzisimamisha saa hizo kwa ufundi.

*

Mtu huyo alikuwa Fundi Ngwali. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza saa karibu na posta, na vidole vyembamba visivyotetemeka ingawa alikuwa ameshapita sitini. Wizara ilipomwita, hakulala kwa furaha. Maisha yake yote alikuwa akitengeneza saa za watu wanaochelewa kazini, na leo Taifa linamwita! Akaunda kijichuma cha shaba, kirefu kama kucha ya kidole gumba, akakiita kishikizo. Kikibanwa, mshale unasimama. Kikiachiwa, unaendelea kutoka pale pale, kana kwamba hapakuwa na jambo.

Hakuuliza kishikizo ni cha nini. Aliambiwa ni cha kulinda haki za binadamu, naye akaona ni jambo jema. Alipokuwa akikifunga alikipiga tupa kingo zote ziwe laini, askari asije akajikata kidole. Alizunguka nchi nzima, vituo mia moja na arobaini na sita, akifunga vishikizo kwenye kila saa iliyokuwa stoo. Aliporudi alipewa cheo cha Fundi Mkuu wa Saa za Serikali, na sheria ikaongezwa kifungu kwamba hakuna mwingine atakayevunja lakiri ya saa rasmi ila yeye. Wakamvika kilemba cha ukoka, naye akakiona cha hariri.

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyemharibia furaha hiyo, naye ni binti yake. Siwema alikuwa mwalimu wa hesabu, darasa la tano, na kama walimu wote wa hesabu hakuwa na simile.

"Baba, saa inayosimamishwa inapima nini?" aliuliza siku ile cheti kilipotundikwa ukutani.

"Inapima muda rasmi."

"Na ule muda mwingine unakwenda wapi?"

"Siwema mwanangu, hayo ni mambo ya wakubwa," alisema Fundi, akakiweka sawa cheti ambacho hakikuwa kimepinda.

*

Mwaka uliofuata Siwema alitunga mtihani wa muhula. Swali la saba lilisema: Mtu amekamatwa Jumatatu saa mbili asubuhi. Ikiwa anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa ishirini na nne, siku yake ya mwisho ni lini? Watoto thelathini na wanane walijibu Jumanne saa mbili asubuhi. Mmoja alijibu "haijulikani", na huyo alikuwa mtoto wa Inspekta Kilindo, mkuu wa kituo cha polisi cha mjini. Siwema akamkosesha. Mtoto akaenda nyumbani analia, na baba yake akaichukua karatasi akaisoma mara tatu.

Jumatatu iliyofuata, saa mbili asubuhi, askari sita walimtoa Mwalimu Siwema darasani chaki ikiwa mkononi. Kosa liliandikwa kwenye kitabu cha kituo kwa wino wa bluu: kufanya hesabu kwa nia ya kuleta taharuki.

Fundi Ngwali alipopata habari hakuwa na wasiwasi, na hili nalisema kwa aibu yake mwenyewe. Alivaa koti la sherehe akaenda kituoni Jumanne asubuhi kumpokea binti yake. Alikuwa amemnunulia na maandazi.

"Fundi wetu!" Inspekta Kilindo alisimama kwa heshima. "Karibu. Bintiyo mzima, haki zake zote zimo. Tumemwekea saa mpya kabisa."

Fundi akatazama ukutani. Saa arobaini na moja zilikuwa zimepangwa safu kwa safu, zote kimya, kila moja imesimama kwa wakati wake. Ya mwisho ilikuwa na karatasi mpya: SIWEMA NGWALI. Ilionyesha dakika tisa.

"Afande, tangu jana saa mbili?"

"Mzee wangu, binti yako amelala usiku kucha. Kisha akasali. Kisha akanywa chai. Halafu ana tabia moja mbaya: anawaza nyumbani mno." Inspekta akashusha sauti kama mtu amwambiaye jirani siri ya mwanawe. "Mkanye. Akitulia, mwezi huu huu anaweza kufika saa nzima."

Fundi alirudi na maandazi yake. Akaja tena baada ya wiki, saa ilionyesha dakika ishirini na mbili. Akaja baada ya mwezi. Akaanza kuja kila siku, akisimama mbele ya kaunta anatazama vile vishikizo vya shaba vinavyong'aa, kazi nzuri, isiyo na kasoro. Kila siku alijua zaidi kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe, ila huyu alikuwa amemtanguliza mwanawe. Alikonda. Kibandani hakutengeneza saa ya mtu. Akiishika, anairudisha mezani.

Siku ya tisini walimruhusu kumwona, kaunta ikiwa katikati. Siwema alikuwa amepungua, lakini macho ni yale yale ya kusahihisha madaftari.

"Baba, vile vijichuma ni vyako."

Fundi akavitazama ukutani.

"Kingo zimepigwa tupa," alisema Siwema. "Polisi hawapigi vitu tupa. Nilivijua siku ya kwanza."

"Sikujua vitakuwa vya nini, mwanangu. Naapa."

"Nilikuuliza."

Inspekta akamtazama Siwema usoni, akaona anawaza nyumbani, akabana kishikizo.

*

Fundi alikwenda mahakamani. Jaji Fungameza alimpokea vizuri, akamwuliza hali ya mama watoto, na alipoelezwa shida akatikisa kichwa kwa huruma kubwa.

"Fundi, umekuja mapema," alisema. "Mimi naruhusiwa kumwona mtu polisi wakimleta, au saa ishirini na nne zikipita niwaulize kwa nini zimepita. Sasa huyu ana saa moja na dakika tano. Hazijapita. Nikiingilia nitakuwa ninavunja Katiba, na mimi niliapa kuilinda."

"Mheshimiwa Jaji, na kalenda je? Kalenda inasema siku mia moja na thelathini."

"Nionyeshe mahali Katiba imetaja kalenda."

 Fundi alipotoka aliona karani akifungua mlango wa ukumbi wa mahabusu, ule wa kusikiliza watu walioletwa ndani ya saa ishirini na nne. Humo ndani palikuwa na magunia ya maharage mpaka darini. Ukumbi haukuwa umetumika tangu ujengwe, na karani hakupenda nafasi ipotee bure.

*

Ikawa kama ilivyokuwa, mpaka siku ya mia mbili na tatu. Asubuhi hiyo askari alimjia Fundi kibandani anakimbia, kofia mkononi: mkuu anamwita, haraka, aje na begi la vifaa.

Saa ya Siwema ilikuwa imekufa. Haikusimamishwa, ilikufa. Inspekta alikuwa ameibana na kuiachia mara nyingi mno, kwa sababu yule mwanamke alikuwa anawaza nyumbani mchana kutwa, na meno ya gurudumu yakaisha. Saa arobaini nyingine zilikuwa kimya kihalali, kwa kuwa zingeweza kutembea zikiruhusiwa. Hii haikuweza. Na Sheria ya Saa Rasmi, kifungu cha mwisho kabisa, kilichoandikwa wabunge wakiwa wameshachukua mikoba yao, kilisema mahabusu ambaye saa yake ni mbovu hashikiliwi kihalali.

Inspekta Kilindo alikuwa anatoka jasho. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kushika mtu kinyume cha sheria, na hakutaka kuanza uzeeni.

"Fundi, baba yangu," alisema, ingawa jana alikuwa akimwita wewe mzee, "lakiri hii hawezi kuivunja mwingine. Fungua, itengeneze. Kisha kuna fomu. Sehemu ya kwanza unaandika nzuri au mbovu, sehemu ya pili unaeleza. Wewe andika nzuri, imetembea sawasawa tangu siku ya kwanza. Nami nitaiachia itembee, sitaibana tena. Kesho keshokutwa bintiyo yuko mbele ya jaji, ndani ya saa ishirini na nne zake, haki haijapungua hata punje. Tumeelewana?"

Fundi aliivunja lakiri. Ndani akakiona kishikizo chake kikiwa hakina hata mkwaruzo. Kilichokwisha ni saa. Aliitazama fomu. Akiandika "nzuri", Siwema anatoka, na zile siku mia mbili na mbili hazikuwahi kuwepo. Si za binti yake tu, bali hata za wale arobaini wengine. Akiandika "mbovu", Mungu ndiye ajuaye watamfanya nini.

"Niulizeni nami," ilisema sauti kutoka mlango wa mahabusu. Siwema alikuwa amesimama nyuma ya nondo. "Baba, usinitoe kwa jibu la uongo. Nitakukosesha."

Inspekta akanyoosha mkono kwa mazoea kuibana saa yake, akakumbuka imekufa, akaurudisha mfukoni.

Fundi akachukua kalamu.  Sehemu ya kwanza akaandika mbovu. Sehemu ya pili akaandika: Saa hii imetembea saa moja na dakika arobaini. Jua limetembea siku mia mbili na tatu. Kilichoisimamisha ni kishikizo, kazi ya mikono yangu mwenyewe. Saa zote za vituo vyote zinacho. Akatia sahihi na mhuri wa Fundi Mkuu.

*

Hapo ndipo wananchi wa Jamhuri Tulivu walipojifunza jambo. Binadamu aliyeshikwa husubiri saa ishirini na nne, lakini saa ni mali ya serikali, na mali ya serikali ikiharibika hupelekwa mbele ya jaji siku hiyohiyo. Basi mchana huo saa ilifikishwa mahakamani kwa gari lenye king'ora, ikawekwa juu ya mto wa hariri, ikaletewa na wakili wa kuitetea. Siwema alipelekwa pia, kwa kuwa jina lake lilikuwa limebandikwa juu yake. Kwenye jalada aliandikwa: kiambatisho.

Profesa Makwinya alikuja mwenyewe. Alikuwa amesoma fomu njiani na uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

"Mheshimiwa Jaji," alinguruma, "fomu hii ni ya hatari! Tukiikubali, basi raia ameshikiliwa siku mia mbili na tatu. Ikiwa hivyo, Ibara ya 31 imevunjwa. Na Ibara ya 31 haijawahi kuvunjwa! Dunia nzima yajua. Wageni wameilia machozi. Kwa hiyo, kwa mantiki isiyo na mwanya, mwanamke huyu hakushikiliwa kamwe. Alikuwa kituoni kama mgeni!"

"Mgeni?" aliuliza Jaji.

"Mgeni. Alikaa, akala, akalala, akasali. Inspekta, hayo siyo uliyoyaandika kila siku kwenye kitabu chako?"

"Ndiyo, Mheshimiwa," alisema Inspekta. "Kwa mkono wangu."

Jaji Fungameza alifikiri kwa muda ambao hakuna saa iliyoupima. Kisha akagonga meza. Mahakama imeridhika, alisema, kwamba Bi. Siwema Ngwali hajawahi kushikiliwa. Katiba iko salama. Na kwa kuwa hajawahi kushikiliwa, ombi lolote la kumwachia haliwezi kusikilizwa, maana huwezi kumwachia ambaye hukumshika. Saa ipelekwe makumbusho.

Profesa akashusha pumzi. Askari wawili wakamwendea Siwema kumrudisha mahabusu.

"Mnanipeleka wapi?" aliuliza Siwema.

"Kituoni."

"Nimeshikwa?"

Askari wakatazamana. Wakamtazama Jaji. Jaji akamtazama Profesa. Profesa akaitazama saa iliyo juu ya mto. Wakisema ndiyo, wamevunja Katiba mbele ya Jaji. Wakisema hapana, hawana pa kumkamatia. Sheria ni msumeno, na siku ile ilikuwa inarudi nyuma.

"Basi kama ni mgeni, mgeni ameaga," alisema Siwema. Akapita katikati yao, akapita mbele ya ule ukumbi wa magunia ya maharage, akasukuma mlango akatoka juani. Wale askari walikaa pembeni wakimpisha kwa adabu, mikono nyuma, wasije wakamgusa kwa bahati mbaya.

*

Nje ya mahakama Fundi alimkuta amekaa kwenye ngazi, anajikinga jua kwa kiganja. Alitaka kumkumbatia, akashindwa. Alisimama ngazi mbili chini yake na begi lake la vifaa.

Karani akatoka mbio na barua ya Waziri aliyempa Fundi cheo, wino bado mbichi. Ilimtuhumu Fundi kwa kuikejeli saa ya Taifa, na ikatangaza kwamba cheo chake kitakoma baada ya saa ishirini na nne. Kumbe Waziri hakuwa ameisoma sheria aliyoipigia meza, kwamba saa ishirini na nne zozote za serikali hupimwa kwa saa rasmi. Saa ya Fundi ilishatundikwa wizarani, na karani wa huko, mtu mwaminifu, alikuwa ameibana kwa kuwa mwenyewe alikuwa nje anamwaza binti yake.

Siwema aliisoma barua mara moja, akaikunja.

"Kwa hiyo wewe bado ni Fundi Mkuu."

"Inaonekana."

"Na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuvunja lakiri."

"Hakuna."

Siwema akaitia barua mfukoni. Sauti yake haikuwa imelainika. "Sijakusamehe, baba. Nimeacha watu arobaini mle ndani. Mzee Shilingo ana dakika sita, na yuko humo tangu saa hizo zitundikwe. Vituo vingapi?"

"Mia moja na arobaini na sita."

"Twende basi. Tunaanza na hiki."

Walirudi kituoni kwa miguu. Inspekta Kilindo alipowaona alisimama, akapiga saluti kwa Fundi Mkuu wa Saa za Serikali, kwa kuwa utaratibu ni utaratibu, na akaleta ngazi. Fundi akapanda. Akavunja lakiri ya kwanza, akang'oa kishikizo, akakidondosha kwenye kiganja cha binti yake, akahamia ya pili. Siwema alikuwa akiyasoma majina kwa sauti moja baada ya jingine, na kila jina mtu aliitikia kutoka nyuma ya nondo, mwingine kwa sauti iliyosahau kuitika.

Zilipofika arobaini, ukuta mzima ulikuwa unagonga. Inspekta Kilindo akauliza, polepole, kama mtu aulizaye njia katika mji alimozaliwa, kama kuna anayejua watu wanapelekwaje mahakamani. Askari hakujua hata mmoja. Walikuwa na saa ishirini na tatu na ushei za kujifunza, na safari hii zilikuwa zinakwenda.